Mrangi Hauanikwi Juani

Aprili 2

Redio imekufa. Imelia kama mbuzi, imekwaruza kidogo, ikanyamaza. Mume wangu, anayetengeneza pikipiki za watu wote wa hapa, ameifungua, ameitazama, ameifunga, na skrubu zimebaki mezani. Sasa jioni hakuna anayeongea humu ndani ila mvua. Ndiyo maana nimechukua daftari hili aliloliacha binti yetu aliporudi shule ya bweni. Kurasa za mwanzo zina hesabu, na karibu zote amekosa.

Nina habari mbili. Mirangi imeanza kukomaa na mvua imewahi, hiyo ni moja. Ya pili ni kwamba mama mkwe anakohoa. Alianza kabla hata ya mawingu, na kila nikitaja hospitali ananipa jibu lilelile: "Mavuno yakiisha." Nimemwomba mume wangu ambane mama yake. Amesema kikohozi cha mvua huondoka na mvua. Bwana huyu hata akiona jiko linaungua atasema moto utazimika kuni zikiisha.

Aprili 4

Leo mvua imepumzika, tumekata mafungu ya kwanza ya matunda ya mrangi. Ngoja nieleze vizuri, maana binti yetu akilikuta daftari lake atashangaa mama yake kuandika kurasa nzima juu ya kichaka.

Ukiutazama, mrangi si mti wa kujivunia. Ni kichaka kilichorefuka kidogo, matawi hovyo, majani mapana. Mama mkwe anasema asili yake ni misitu ya mvua ya mbali huko, kwa hiyo unapenda joto na maji, ila hautaki mizizi ilale kwenye dimbwi. Ua lake ni la waridi. Tunda lina manyoya kama kiwavi, na likikauka linajipasua lenyewe. Ndani mbegu zimejipanga, nyekundu, zimepakwa kitu kama nta laini. Shika mbegu moja tu, vidole vyako vimekwisha. Viwandani wanaitia kwenye siagi, jibini, sabuni, rangi za midomo. Watu wanakula rangi yetu asubuhi na hawajui kama tupo.

Ubaya wake ni kwamba haikai kiwandani peke yake. Vitasa vya milango yetu ni vyekundu. Vikombe vina alama za vidole. Kwenye ukuta wa ukumbini kuna kiganja cha binti yetu alipokuwa anajifunza kutembea, na hakuna aliyethubutu kukipaka chokaa.

Mimi kabla ya kuolewa nilikuwa dobi kwenye nyumba ya wageni, na nilikuwa dobi hasa. Wino, masizi, divai, mafuta ya gari, vyote nimevishinda. Mama mkwe tangu siku ya kwanza ananiita Dobi. Ninalo jina nililopewa na wazazi wangu na hajawahi kulitumia. "Dobi, njoo." "Dobi, shika hapa." Naitika, lakini moyoni nimevimba.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 8

Mama haachi mtu akate bila kumfundisha upya, kama vile mwaka jana sikuwepo. Fungu likatwe likiwa kahawia na limeanza kufungua mdomo. Likiwa bichi, rangi haijashuka. Likichelewa, mbegu zimemwagika na ndege wamekula. Analitikisa karibu na sikio, anasikiliza, anaamua. Akishaamua hakuna rufaa.

Alikohoa mpaka akashika shina la mrangi kwa mikono yote miwili, kichwa amekiinamisha. Nikakimbia. Alipoinuka akajifuta mdomo kwa kiganja, akaniambia alikuwa anakagua mizizi. Nikamuuliza mizizi inasemaje. Akasema inasema Dobi afanye kazi aache maswali.

Alicheka. Mimi sikucheka.

Aprili 11

Ghala limevuja. Maganda tuliyokata juzi yameota ukungu mweupe, na ukungu ukishaingia mbegu hazifai hata kwa sabuni. Tumeyatoa nje ya ghala, tukakaa tunayatazama kama watu waliofiwa.

Mama akasema, "Leteni yaliyosalia chumbani kwangu."

Chumba chake kimeegemea ukuta wa jiko, ndicho pekee kikavu nyumba hii. Mume wangu akajitia kupinga: "Mama, na kikohozi hicho ulale na vumbi la mrangi?" Mama akamuuliza kama ana chumba kingine mfukoni. Basi tukahamisha. Tumetandika magunia kutoka mlangoni mpaka miguuni mwa kitanda chake, mbegu tumezisambaza juu, dirisha tumelifunga pazia. Mrangi hauanikwi juani, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii. Jua linaila rangi, saa chache tu mbegu zinabaki na sura ya mchanga. Si kwamba jua lenyewe lipo.

Nitasema ninachofikiri, daftari si mtu. Naona Mama anataka mbegu zilale kwake ili azilinde, na mwizi anayemwogopa ni mimi.

Aprili 15

Nimefua shuka na foronya za Mama. Nyekundu tupu. Anageuza mbegu kwa mkono kutwa nzima, kisha analala bila kunawa kama mtoto. Kwa doa la mrangi nina njia yangu: maji ya moto yanayotokota, sabuni nyingi, chemsha, sugua, suuza, kisha juani. Maji moto yanalilegeza tu. Jua ndilo linalolimaliza. Kile ambacho mbegu zinakiogopa, nguo zinakihitaji. Kila nyumba na kichekesho chake.

Lakini jua halipo. Kamba nimeifunga jikoni, nguo zinaning'inia juu ya vichwa vyetu, tunainama kwenda kuchukua kijiko.

Aprili 16

Mvua. Nguo hazijakauka.

Aprili 17

Mvua. Nguo zimeanza kunuka. Nimezifua tena.

Aprili 20

Leo nimemsema Mama na sijuti. Vitambaa vyake vya mkononi, nilivyovichemsha juzi vikapata nafuu, vimerudi vyekundu katikati. Si pembeni ambako mtu hushika. Katikati kabisa.

"Mama, unajifuta mdomo na mikono yenye mrangi?"

Akavitazama. Akanitazama. "Nisamehe, Dobi. Nilikuwa sijanawa."

"Utaila hiyo rangi mpaka uwe siagi."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akanipungia mkono nitoke. Nikatoka na beseni langu. Nimevichemsha kwa hasira mara mbili, na madoa yamebaki. Mara ya kwanza maishani naona doa linanipiga chenga. Nalaumu mvua.

Aprili 26

Mnunuzi alikuja na gari lake lenye turubai, akachukua magunia yaliyokauka. Akatia tone la mafuta kiganjani, akasugua mbegu, akaugeuza mkono kwenye mwanga. "Mama, hii imeiva. Wenzako huko chini wote wamepata ukungu, wewe umekausha wapi?" Mama akajibu, "Kitandani." Yule bwana akadhani ni utani, akacheka mpaka akakaa.

Mama alimsindikiza mpaka mlangoni tu. Zamani alikuwa anamsindikiza mpaka kwenye gari, akagombana naye mpaka injini inawaka.

Mei 1

Wifi yangu amekuja bila kusema. Ni fundi cherehani mjini, anaishi chumba kimoja na mashine zake, na akiingia humu anatazama kila kona kama mtu anayetafuta uzi uliofumuka. Mimi na yeye hatujawahi kutukanana. Hatujawahi pia kukaa benchi moja.

Amemkumbatia Mama, amemshika mabega, amerudi nyuma. Akanifuata jikoni.

"Mama amekonda."

"Wakati wa mavuno kila mtu anakonda."

"Mbona wewe hukukonda?"

Nikanyamaza, maana chungu kilikuwa karibu na mkono wangu.

"Nguo niliyomshonea mwaka jana," akasema, "sasa hivi naona nguo imemvaa yeye. Na mmemlaza na mazao, wifi. Mtu anakohoa, mnamwagia mbegu chumbani."

Nikamwambia mwenye chumba ndiye aliyeziita. Hakuniamini, na kwa kweli mimi mwenyewe nisingeniamini.

Jioni ndiyo ikawa kikao. Wifi alisema amekuja kumchukua Mama, kesho waende hospitali kubwa ya mjini, atakaa kwake. Mume wangu akasema, "Dada, tulia kwanza tunywe chai." Wifi akamwambia chai amekunywa tangu azaliwe, haijamtibu mtu. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani, myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Siendi," akasema. "Mirangi haijanyolewa."

Kunyoa ndivyo tunavyoita hapa kuukata mrangi ukishavunwa. Usiponyolewa, mwaka unaofuata unatoa majani matupu. Mama hamwachii mtu kazi hiyo tangu mwaka ule mume wangu aliponyoa mstari mzima chini mno na mstari mzima ukafa.

"Mama, una ugonjwa," wifi akasema.

"Nina uzee. Muulizeni Dobi." Mama akaninyooshea kidole. "Yeye ndiye anayenifulia. Nikitapika anaona, nikitoka jasho anaona. Kama kungekuwa na jambo si angeshaliona? Binti yangu huyu doa halimpiti."

Binti yangu. Miaka yote hii, leo ndiyo nimelisikia. Wote wakanigeukia. Niandike ukweli: niliona raha. Nilimwona wifi amekaa kimya kwa mara ya kwanza, akinisubiri mimi, nikajiona mtu mkubwa.

"Hakuna kitu," nikasema. "Kuna rangi tu."

"Rangi gani?"

"Ya mrangi, wifi. Nyumba nzima nyekundu, huoni? Simama uone sketi yako."

Akasimama. Nyuma ya sketi alikuwa amechukua alama ya kiti, ya rangi ya machungwa, mduara mzima. Mume wangu akacheka mpaka akamwaga chai. Mama akacheka kuliko wote, akakohoa, akatoka nje kumalizia kukohoa huko gizani kwenye mvua, na sisi tukaendelea kucheka.

Mei 3

Wifi amerudi mjini peke yake. Hakuniaga. Sketi nimemfulia, ameondoka nayo ikiwa mbichi kwenye mfuko.

Mei 7

Mvua.

Mei 9

Mvua. Mama hajatoka chumbani. Anageuza mbegu akiwa amekaa kitandani, kwa fimbo ya ufagio. Ameniita "binti yangu" asubuhi, kisha mchana akarudia Dobi. Hata hiyo Dobi siku hizi naona inaingia sikioni vingine. Labda haikuwa tusi. Labda ni kwamba alipenda kuna kitu humu ndani ambacho mtu mwingine anakijua kuliko yeye.

Hali chakula chake chote. Anasema ananiachia nisikonde.

Mei 14

Mafungu ya mwisho yameingia. Nilidhani atafurahi, akataka kutolewa nje, akae kwenye kiti chini ya upenu, anifundishe kunyoa.

Akatumia ufagio kama mrangi. "Hapa ni goti lako. Usishuke chini ya goti. Mkato uwe wa mshazari, maji yateleze, yakikaa shina linaoza. Tawi lililokufa toa lote, lililo hai acha macho mawili matatu." Macho ni vile vivimbe vidogo vya kuchipulia. "Ukimaliza utageuka nyuma, utaona kama umeua shamba zima. Vijiti vitupu. Usiogope. Usiende kuuliza mtu. Subiri."

"Si tutanyoa wote, Mama?"

"Nani amesema hatutanyoa wote? Nakufundisha ili usinicheleweshe."

Nikamrekebishia shuka mabegani. Ni mifupa tupu. Nilishtuka, kisha nikajiambia ni mavuno, yakiisha atakula. Nimeandika hapa juu kwamba yameisha leo. Basi kesho nitaanza kumkumbusha hospitali, tena sitakubali porojo.

Mei 15

Nimemkumbusha. Amesema mvua ikipungua, njia ni matope.

Mei 16

Mvua.

Mei 17

Mvua. Nimegombana na mume wangu. Nimemwambia hata pikipiki haiponi kwa kuisubiri. Alikaa ameshika tama. Nafikiri anaogopa kuliko mimi, na woga wake ndio anaouita utulivu.

Mei 19

Jua limetoka.

Nilisikia kimya kwanza, nikadhani nimeziba masikio. Nikafungua mlango, uwanja wote unatoa moshi, anga ni bluu. Nilifurahi kama mjinga. Nilitia maji motoni kabla ya chai, nikatandua vitanda vyote, nikakusanya mashati, mapazia, taulo, vitambaa, foronya, kila nguo iliyopigana nami tangu Aprili, nikachemsha, nikasugua, nikaanika. Kamba haikutosha, nikatandaza juu ya ua. Mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, upande wa kivuli. "Dobi leo ana arusi yake," akasema. Nikaimba hata. Sina sauti lakini niliimba.

Baada ya chakula cha mchana nikaenda kugeuza.

Shuka zetu zilikuwa nyeupe. Mashati ya mume wangu, yaliyokuwa kama ya mchinjaji, yamebaki na kivuli cha njano, kesho hakitakuwepo. Taulo safi. Nikawa natembea kwenye kamba najisifu.

Nikafika kwenye foronya za Mama.

Hazikutakata. Wekundu wa mrangi uliokuwa pembeni ulikuwa umeondoka, na ulipoondoka ukaacha kitu kingine katikati, kahawia, chenye ukingo mweusi, kama chai iliyokaukia kwenye kisosi. Nikachukua kitambaa cha mkononi. Katikati, vilevile. Kingine, vilevile. Vyote.

Hata dobi wa juzi anajua doa hilo. Ndilo la kwanza tulilofundishwa pale nyumba ya wageni. Damu huoshwa kwa maji baridi, na inatoka bila ubishi. Ukiitia maji ya moto umeipika, imekaa, haitoki tena. Ningeliona kwenye nguo ya mtu mwingine yeyote, nyumba nyingine yoyote, ningelijua nikiwa mbali. Na mimi nimekuwa nikilichemsha tangu Aprili, kwa sabuni, kwa hasira, nikimsema aliyelitoa. Nilimwambia atakuwa siagi.

Nilikwenda na foronya moja mpaka kizingitini. Niliishika tu mbele yake. Mama akaitazama, akainua uso akatazama juu kwa muda, macho ameyafinya.

"Jua limetoka vibaya," akasema.

Mume wangu amekwenda kuomba gari la mteja wake. Nimempigia simu wifi. Nilimwambia, "Haikuwa rangi." Akasema atatusubiri mlangoni pa hospitali.

Mei 20

Daktari ni mwanamke kijana, anaongea polepole. Amesema uvimbe, pafu la kushoto, umeshavuka kwenda kwingine. Amesema tungefika mwanzo wa mvua kungekuwa na la kujaribu. Hakusema kwa kulaumu. Amesema kwa sababu mume wangu alimuuliza, na mimi nilimvuta shati asiulize.

Wifi alisimama upande wa pili wa kitanda. Nilimsubiri aseme. Ningemwacha aseme chochote. Hakusema.

Mei 24

Nimekaa na Mama peke yangu leo. Wamempa chupa ya hewa, anaongea kidogo kidogo. Kucha zake bado ni nyekundu. Wauguzi wamezisugua wakashindwa, wakaniuliza ni dawa gani amepaka.

Nikamuuliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile shambani. Nilikohoa nikajifuta, nikatazama mkono. Mkono ulikuwa mwekundu kabla, ukawa mwekundu baada. Nikasema basi, nimepewa pazia."

"Ndiyo maana ulitaka mbegu chumbani kwako."

"Chumba kilikuwa kikavu." Akapumua. "Na hilo pia."

Nikalia. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilishika ukingo wa kitanda nisimtikise. Nikamwambia alituibia. Alimwibia mwanawe, alimwibia binti yake, aliniibia mimi.

"Baba yenu alikwenda mjini kupimwa," akasema, "akarudi amefunikwa. Mimi nilitaka msimu mmoja niwe kwa miguu yangu. Mmoja tu." Kisha akanishika kidole, kimoja, kwa sababu mkono mzima ulimshinda. "Nilikutumia, Dobi. Nilijua wewe ungesema rangi kabla ya kusema hujui. Mrangi umenisitiri kwa wote, lakini kwako nilikuwa naogopa kila siku ya kufua. Kila nikikuona na beseni nasema leo ndiyo leo."

Nikampangusa uso.

"Umeshanyoa?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa?"

Mei 27

Nimenyoa. Kutwa nzima, na mume wangu akikusanya matawi nyuma yangu bila kuruhusiwa kushika mkasi. Juu ya goti, mshazari, macho mawili matatu. Nilipofika kijitoni, mwisho wa shamba, nikageuka nyuma kama alivyosema. Nimeua shamba zima. Vijiti vitupu mpaka nyumbani.

Sikumuuliza mtu.

Mei 30

Nimemwambia Mama nimemaliza. Akauliza kama nilishuka chini ya goti. Nikasema hapana. Akauliza goti la nani, langu au la mume wangu, maana yeye ni mrefu. Nikasema langu. Akaridhika.

Juni 2

Mama amefariki asubuhi. Wifi alikuwa naye.

Juni 6

Watu wamekwenda. Wifi amebaki siku chache. Jana jioni tulikaa benchi moja, kwa kuwa viti vingine vilikuwa vya kuazima na vimerudishwa. Nikamwambia kama ana neno, alitoe.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Nilikuwa na mengi. Lakini nilikaa humu siku mbili, nikamkumbatia, nikala naye, na damu sikuiona. Nilicheka sketi yangu pamoja na ninyi." Akapangusa benchi kwa kiganja. "Wifi, sikulaumu. Ila hasira ninayo bado, nivumilie."

Nikasema nitamvumilia. Hata mimi ninayo.

Juni 8

Foronya zile nimezikata, nimezichoma. Mume wangu aliniuliza kwa nini, zilikuwa bado nzima.

Juni 11

Nimepita shambani. Bado vijiti.

Juni 15

Wifi amerudi mjini leo asubuhi. Alipokwisha panda gari akashuka tena, akatoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. "Vitu vyake vya hospitali," akasema. "Nilishindwa kuvifungua. Chukua wewe, Dobi."

Ndani mlikuwa na sega, kandambili, na kitambaa kimoja cha mkononi. Ndicho alichoondoka nacho nyumbani siku ile ya jua, kabla hajanawa. Katikati kina damu ya siku za mwisho. Pembeni, pale alipokishikia, kuna alama ya dole gumba lake, ya mrangi, mistari yote inaonekana.

Sikuwasha moto. Nimechota maji ya mtungi, baridi, nikaloweka, nikafikicha taratibu kwa vidole viwili. Damu imetoka yote, mara ya kwanza, bila ubishi. Maji yakawa ya waridi, nikayamwaga, nikatia mengine, yakabaki meupe. Dole gumba halikutikisika. Hilo linataka maji ya moto.

Nje kulikuwa na jua kali. Nilifika mpaka kwenye kamba nikiwa na kibanio mkononi, ndivyo mikono ilivyozoea, kisha nikarudi. Nimekianika chumbani kwake, nimefunga pazia.